Moja Ikizimika, Zote Zinazimika

Shamba la Mkonge, Soga
10 Januari 1955

Mjomba wangu Mwinyimadi,

Shikamoo mjomba. Natumaini barua hii itakukuta barazani kwako hapo Kisarawe, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi kama kawaida yako, na ule mguu umekupa nafuu. Sisi huku hatujambo. Baba mdogo Isihaka bado ni nyapara wa wakata mkonge, na sauti yake bado inafika kabla yeye mwenyewe hajafika. Mkewe, Bi Tatu, anakusalimu sana. Anasema zile korosho ulizotuma zilikwisha siku ileile, na aliyezimaliza ni mimi. Usimsikilize, tulishirikiana.

Baba mdogo amekwisha kukuandikia rasmi, lakini na mimi nataka uisikie kwangu: mdogo wangu Mwanakheri ameposwa! Kijana anaitwa Mwishehe, karani wa mizani hapa shambani, mpole mno, hata mbwa wa meneja hambwekei. Harusi itakuwa Mfungo Mosi, tukijaliwa. Mimi na wenzangu wa klabu ndio tutakaopiga dansi siku ya kumtoa bibi harusi nje.

Sasa nisikilize, mjomba. Meneja alikuwa na kipaza sauti cha zamani, kimetupwa stoo tangu wakati wa vita. Kwa kuwa mimi ni mtu wa chumba cha mashine ya umeme, amenipa. Nimekifungua, nimekisafisha mavumbi na mayai ya mijusi, nikakifunga waya wa gitaa langu. Mjomba, kinalia! Taa zake nne za kioo zinawaka vizuri kabisa. Tatizo ni mvumo. Kinavuma mno, gitaa halisikiki ndani yake.

Mzee mmoja hapa aliyekuwa Burma ananiambia kwamba wewe jeshini ulikuwa fundi wa mitambo ya simu na redio, na uliporudi ukawa ukitengeneza vipaza sauti Dar es Salaam, tena ukipiga gitaa. Mimi nimelelewa mikononi mwako na sijapata kukuona umeshika hata koleo! Kwa nini ulinificha? Nifundishe jinsi ya kuondoa mvumo.

Mpwa wako,
Zahoro

Kisarawe
2 Februari 1955

Kwa mpwa wangu Zahoro,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mwandiko wako bado ni kuku anayeparua jaa, lakini nimesoma. Mkeo mtarajiwa, yeyote atakayekuwa, namwombea macho mazuri.

Sisi wazima. Shangazi yako Mwanaamina anafua na kulalamika, kwa hiyo ni mzima sana. Mihogo imeliwa na nguruwe, upande wote wa bondeni. Mguu haujambo wala haujapona.

Nimefurahi kwa habari ya Mwanakheri. Nimefurahi mpaka nimetoka nje nikakaa peke yangu. Mama yenu angekuwapo, angeshangilia mpaka kijiji kizima kifunge masikio. Mungu amrehemu.

Kuhusu hicho kipaza sauti, achana nacho. Kirudishe stoo. Gitaa lilipigwa miaka mingi kabla ya vitu hivyo na watu walicheza. Kama watu wa Soga ni viziwi, wakae karibu.

Na huyo mzee wa Burma mwambie ajisemee habari zake.

Mjomba wako,
Mwinyimadi

Soga
14 Februari 1955

Mjomba,

Shikamoo. Sikutegemea jibu la namna ile. Nimekuandikia kama mtoto kwa mzazi wake, wewe umenijibu kama polisi.

Habari za hapa ni nzuri. Mwanakheri anafundwa mapishi na Bi Tatu, na jana alipika wali ukawa uji, tukaunywa. Hakuna aliyethubutu kucheka ila mimi, na nimekwisha kupigwa na mwiko.

Mjomba, watu watakaokuja ni wengi. Watatoka Visiga, watatoka Ruvu, upande wa bwana harusi peke yake ni lori zima. Gitaa kavu halitawafikia hata walio mstari wa tatu. Mwanakheri amekwisha kusema kwamba atakapotolewa nje atakuwa wa kwanza kunituza, kabla hata mama zake wadogo hawajasogea. Ameiweka shilingi yake kwenye kibweta, ananionyesha kila nikipita. Nitampigia gitaa la mbu huyo?

Kipaza sauti sikirudishi. Kama hunifundishi, nitajifundisha mwenyewe kwa kujaribu. Hayo mengine yote unayoyajua umenifundisha, kuanzia kusali mpaka kufunga mlango wa banda. Hili moja tu unaninyima, wala husemi sababu.

Mpwa wako,
Zahoro

Kisarawe
9 Machi 1955

Zahoro,

Marahaba. Nimeikalia barua yako siku nyingi. Shangazi yako amenisema kwamba sili. Mvua zimeanza na njia ya Pugu imekuwa tope tupu, kwa hiyo hata hii sijui itafika lini.

Umeandika kwamba utajaribu mwenyewe. Neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Usijaribu. Soma haya polepole, tena urudie.

Kila taa ya kipaza sauti ina utambi ndani yake. Utambi ndio unaoiva mwekundu na kuipasha taa joto ili ifanye kazi. Hautaki umeme mkali. Unataka umeme mdogo, usioweza kuua hata panzi, na umeme huo hutoka kwenye transfoma, lile pande zito la chuma lenye waya tumboni. Chukua nyaya mbili nene. Zisokote pamoja kama unavyosokota kamba, zibane, usiache zilegee popote. Zilaze kwenye pembe ya lile bati lililobeba taa, chini kabisa, mbali na waya unaotoka kwenye gitaa. Zianzie kwenye transfoma, ziende taa ya kwanza, ya pili, mpaka ya nne, na kila taa inywe kutoka kwenye jozi hiyohiyo. Transfoma ina waya wa katikati. Huo ufunge kwenye bati. Ukifanya hivyo mvumo utakwisha.

Sasa nijibu maswali mawili. La kwanza: hicho ulicho nacho kina transfoma? La pili: ukichomoa taa moja wakati zinawaka, nyingine zinabaki zinawaka, au zinazimika zote?

Kama hakina transfoma, usikipige. Mvumo hautakwisha.

Nijibu upesi.

Mwinyimadi

Soga
18 Aprili 1955

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena! Barua yako ilichukua wiki nne, imefika imelowa, maneno ya pembeni yamechuruzika, lakini ya katikati yalisomeka vizuri. Usikasirike kwamba nimechelewa. Maji yalifunika reli upande wa Ruvu, tukakaa siku tisa bila treni wala unga wa ngano.

Mjomba, wewe ni fundi! Nimesokota nyaya za tambi kama ulivyosema, nimezibana mpaka vidole vikatoka lengelenge, nimezilaza kwenye pembe ya bati. Mvumo umekwisha! Umebaki kidogo tu, wa kusikiwa na aliyetega sikio. Wenzangu walinibeba juujuu. Nimekuwa mtu mkubwa hapa klabuni, na yote ni kwa barua yako.

Ramadhani ndiyo hiyo inaingia. Imamu wetu mpya hapa alipita Kisarawe mwaka jana, amekukumbuka. Aliniuliza, "Wewe ni mpwa wa yule mzee mwenye sijida kwenye paji la uso?" Nikasema ndiye. Akasema alama ya namna ile haipatikani ila kwa mtu aliyesujudu sana, na kwamba nikufuate nyayo. Nikaona haya, maana alfajiri ile sikuwa nimeamka.

Maswali yako nitayajibu tukionana. Utakuja, sivyo? Nafasi ya mjomba hakalii mtu mwingine.

Zahoro

Kisarawe
29 Aprili 1955, Ramadhani

Zahoro,

Marahaba. Hukunijibu.

Nimekuuliza maswali mawili na umeniletea habari za imamu. Yule mtu asinisifu. Mwambie aache kabisa kunitaja.

Nilikufundisha kusokota nyaya zinazotoka kwenye transfoma. Umesokota nyaya zinazotoka wapi? Kina transfoma au hakina? Sema ndiyo au siyo.

Na jambo jingine nililolisahau. Waya mmoja wa mashine yenu ya umeme umefungwa ardhini? Angalia, unijibu.

Kuhusu kuja, mguu huu hauniruhusu kupanda lori. Mtanisamehe.

Mwinyimadi

Soga
25 Mei 1955

Mjomba wangu,

Shikamoo na Idi njema. Natumaini mmekula vizuri na shangazi Mwanaamina ameridhika na ile kanga niliyompelekea kwa mkono wa Mzee Jumbe. Sisi tumekula mpaka aibu. Nikahi ni Ijumaa tarehe tatu Juni baada ya sala, na Jumamosi jioni, alasiri ikishapita, bibi harusi anatolewa nje. Atatolewa pekupeku ili hina ya miguuni ionekane, maana atachorwa na fundi kutoka Mlandizi na hakuna anayekubali kazi ile ifunikwe na viatu. Na wanawake wote wamesema watavua vyao kumfuata.

Usinikasirikie kwa kuchelewa tena. Nilijua ukiuliza kwa ukali vile nitakosa la kusema. Haya, nakujibu kwa ukweli. Transfoma sina. Nilimwagiza dereva mjini, wakamwambia mpaka Nairobi. Lakini mjomba, mvumo umekwisha bila hiyo, kwa hiyo haina haja! Nyaya nilizosokota ni zilezile zilizokuwamo. Na waya mmoja wa mashine, ndiyo, umefungwa kwenye chuma kilichozikwa ardhini, mimi mwenyewe ndiye ninayeumwagia maji kiangazi.

Idi pili tulipiga klabuni, kujaribu. Lo! Ungesikia! Taa moja ilikufa katikati ya wimbo na zote zikazimika, nikahangaika nusu saa kutafuta iliyokufa ni ipi. Nimekwisha kupata nyingine.

Tena kulikuwa na kichekesho. Bi Tatu alikuja kunituza. Amelamba shilingi yake ili igande, akanibandika pajini. Mara akaruka nyuma na kupiga yowe! Na mimi paji likanichoma, siafu kabisa. Akasema, "Gitaa la mtoto huyu lina pepo!" Tulicheka mpaka watu wakakaa chini. Bahati yake alikuwa na vile viatu vyake vya tairi, vinginevyo angeanguka kwa kuruka kule. Tangu siku hiyo wananiita Zahoro wa Pepo, na kila mtu anataka kuja kunituza Jumamosi aone kama na yeye atachomwa. Mwanakheri ndiye anayeongoza kwa hamu.

Jitahidi uje.

Zahoro

Kisarawe
Jumatano, 1 Juni 1955

Zahoro mwanangu,

Nje ya bahasha nimeandika maneno kwa herufi kubwa. Kama hukuyaona, yasome hapa: usichomeke hicho kitu. Hata kwa kujaribu. Hata kidogo.

Barua yako imenifikia asubuhi hii. Siiamini posta tena. Hii naiweka mkononi mwa Adamu, dereva wa lori la korosho, ameniapia kwamba atafika kwenu kabla ya Jumamosi jioni. Salamu utanisamehe, sina.

Kwanza uelewe kitu ulicho nacho. Tambi zake zimepangwa foleni, moja nyuma ya nyingine, ndiyo maana moja ikizimika zote zinazimika. Zinanywa umeme mkali moja kwa moja kutoka kwenye mashine bila kitu cha kuupunguza makali, na bati lake limefungwa kwenye waya mmoja wa umeme huohuo. Bati limeshikana na waya wa gitaa, na waya wa gitaa na nyuzi. Plagi ikiingia upande mmoja, hakuna kitakachotokea. Ikiingia kinyume, nyuzi unazozishika ni umeme wa mashine mtupu. Wewe huumii kwa sababu umesimama juu ya mbao na umevaa viatu. Umeme unatafuta ardhi. Atakayekugusa akiwa pekupeku ndiye atakayeupa njia. Bi Tatu kaokolewa na matairi.

Nilikuandikia kwamba bila transfoma mvumo hautakwisha. Niliandika mvumo, sikuandika kifo. Ningeandika kifo ungeniuliza nimejuaje. Kwa hiyo nilikunyima neno moja, na kwa ajili ya neno hilo nusura umuue Bi Tatu mnacheka. Kosa hilo si lako hata chembe.

Sasa nitakuambia nimejuaje.

Mwaka arobaini na sita nilikuwa Ilala. Nilikuwa na kipaza sauti kama hicho chako, cha tambi za foleni, nimekitengeneza mwenyewe na ninajivuna nacho. Fundi mwenzangu aliniambia, "Mwinyimadi, tia transfoma." Nikamwambia mbona kinalia vizuri. Kulikuwa na harusi ya rafiki yangu, mchana, uwanjani. Uwanja ulikuwa umenyunyiziwa maji ili vumbi lisipande. Mimi nimevaa viatu vyangu vya jeshi, nimesimama juu ya mbao. Dada yangu Mboni, mama yako, alikuwa amekuja kutoka Kisarawe kunisikiliza kwa mara ya kwanza tangu nirudi vitani. Alivua viatu ili acheze. Akaja anacheza, anacheka, akailamba shilingi ili igande, akanibandika hapa.

Nilitupwa nyuma na gitaa langu, plagi ikachomoka. Nilipoinuka, Mboni alikuwa amelala chali na shilingi ipo kiganjani mwake. Hakuwa na jeraha. Hakuna aliyeona moto wala kusikia kitu. Wanawake wakasema ni pepo, amepandwa na pepo wa ngoma na amekwenda naye. Mimi nilijua kabla sijasimama. Sikusema.

Tulimleta kuzika huku. Mama yangu Mwanamkuu, bibi yako, alichinja mbuzi ili pepo yule asirudi kwenu watoto. Nilikaa nikala nyama ya mbuzi yule. Wewe ulikuwa na miaka kumi, uliniuliza pepo ana sura gani. Unakumbuka nilivyokujibu? Nilikupiga kofi. Ni hilo peke yake nililopata kukupiga.

Na hii alama wanayoiita sijida. Si ya kusali, Zahoro. Ni shilingi ya mama yako. Watu walipoanza kunisifu nilitaka kusema, nikaogopa, na kila siku iliyopita woga ukaongezeka. Ndiyo maana kofia yangu inashuka. Imamu amekuambia unifuate nyayo. Usinifuate.

Mguu wangu nao si mbaya hivyo. Ningeweza kupanda lori la Adamu leo hii, nikae ubavuni mwake, nifike mwenyewe. Siji kwa sababu naogopa. Naogopa kuwaona wanawake wale wamevua viatu. Naogopa uso wa Mwanakheri, maana amekuwa mama yake mtupu. Zaidi ya hayo, naogopa uso wako ukishasoma haya. Ndiyo niliyoyakimbia miaka minane na nusu.

Adamu atakupa kifurushi. Ndani mna transfoma na taa nne zinazokubaliana nayo. Niliinunua siku ya tatu baada ya mazishi. Sijui niliinunulia nini. Imezungushiwa kanga ya mama yako, ile aliyokuja nayo Ilala. Kanga mpe Mwanakheri.

Usiifunge kabla ya harusi. Haraka nayo inaua. Piga gitaa kavu.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba usichomeke.

Mwinyimadi

Soga
7 Juni 1955

Mjomba,

Shikamoo.

Baba mdogo na Bi Tatu hawajambo. Mwanakheri yuko kwa mumewe, amekwisha kupika wali mara mbili na bwana harusi bado yu hai. Mvua zimekatika.

Adamu hakufika Ijumaa. Alikwama njiani na ekseli iliyovunjika, akatembea saa nyingi na kifurushi chako begani. Alifika Jumamosi, alasiri imekwisha kusaliwa. Bi Tatu alikuwa amemaliza kunyunyizia uwanja ndoo tatu. Viatu vya wanawake vilikuwa vimepangwa ukutani. Mimi nilikuwa juu ya mbao, gitaa shingoni, na plagi mkononi. Sikutii chumvi, mjomba. Mkononi. Nilikuwa nimeinama kuichomeka Adamu aliponiita kwa jina.

Nilisoma maneno ya nje ya bahasha nikadhani ni ukali wako wa kawaida. Nikataka kuiweka mfukoni niisome baadaye. Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni zile herufi, maana mkono wako haujapata kutetemeka kwenye karatasi. Nikaifungua pale pale juu ya mbao, watu wananipigia kelele nianze.

Nilipomaliza, nilichukua koleo nikaukata ule waya wa umeme vipande vitatu, ili asitokee mjuaji mwingine akauchomeka. Kwa haraka nilijikata kidole. Baba mdogo akaniuliza, "Kulikoni, kimekufa?" Nikamwambia ndiyo, kimekufa. Nikapiga gitaa kavu. Waliokuwa nyuma walikasirika, wengine wakaondoka, bwana mmoja wa Visiga akaniambia nirudi kuchunga mashine. Nikaendelea kupiga.

Halafu wakamtoa Mwanakheri. Alikuja kwenye ule udongo uliolowa, pekupeku, hina mpaka kwenye vifundo, anacheka. Akailamba shilingi. Mjomba, nilijua kabisa kwamba waya umekatwa. Niliukata mwenyewe. Lakini mkono wake ulipokuja usoni mwangu nilifumba macho na nikasahau wimbo. Shilingi ikagandia pajini, ya baridi, haikuchoma. Alidhani nimelia kwa ajili yake, akalia na yeye, na wanawake wakapiga vigelegele.

Kanga nilimpa juzi. Nilimwambia ni ya mama na imetoka kwako. Mengine sikumwambia. Hayo si yangu kuyasema, ni yako.

Nimekaa siku tatu kabla ya kuandika. Siku ya kwanza nilikuchukia, nakuambia wazi. Nilikumbuka lile kofi. Nilimkumbuka bibi, amekufa huku akiogopa pepo ambaye hakuwapo. Siku ya pili nilikumbuka kwamba nilipokuwa mdogo na homa, ulinilaza mapajani, na mimi nilikuwa nikiigusa ile alama kwa kidole ili nilale. Hukunitoa mkono hata siku moja. Leo ndiyo ya tatu, na sijui bado ni ipi katika hizo mbili itakayobaki.

Transfoma iko juu ya meza yangu. Sijaifunga. Naweza kufuata barua yako, lakini sitaki tena kufundishwa kwa barua, maana barua zako zinaacha maneno. Nataka ukae hapa, uniambie kila kitu kwa mdomo wako, na Mwanakheri akiwapo.

Adamu anarudi huku Jumamosi ijayo na ekseli mpya. Nimemwambia akupitie na akuwekee nafasi ubavuni mwake.

Njoo, mjomba. Na ukija, kofia iache Kisarawe.

Mpwa wako,
Zahoro